Ororo ni wetu, lakini kalamu si yetu

Kama wewe ni fani wa komiki na unaishi kati ya Thika na Ruiru, kuna ubishi mmoja ambao lazima umekupata. Labda ulikuwa kwa kibanda cha PS Makongeni, labda kwa base pale Kihunguro, labda kiti cha nyuma cha mathree imekwama kwa jam ya Thika Road. Msee mmoja anasema Storm arudishiwe mohoki. Mwingine anasema hapana, nywele ndefu ndizo zake. Wa tatu, na mara nyingi ni msichana, anauliza swali ambalo linanyamazisha wote: huyu si ni Mwafrika, mbona nywele zake zimelala hivyo tangu azaliwe?

Ubishi huu si wa jana, lakini umepata moto upya. Oktoba 2024 Marvel ilianza kutoa mfululizo mpya wa Storm, ameandikwa na Murewa Ayodele, kijana wa Nigeria, na kuchorwa na Lucas Werneck wa Brazil. Desemba mwaka huo huo mchezo wa Marvel Rivals ukatoka, na Storm alikuwa mmoja wa wale unaoweza kuchezea tangu siku ya kwanza. Kwa hivyo hata wale madogo ambao hawajawahi kufungua komiki maishani sasa wana maoni kuhusu nguo zake.

Mimi nataka tuongee kuhusu nywele, sikatai. Lakini nataka tufike mbali kidogo kuliko nywele, kwa sababu huyu dada ni wa kwetu. Kwenye vitabu ameandikwa hivyo. Na kila mtu anashughulika na kichwa chake wakati jambo kubwa zaidi linapita hapo kando.

Kwanza, tukumbushane ni nani

Storm alitokea mara ya kwanza mwaka 1975, kwenye Giant-Size X-Men namba 1. Waliomtunga ni mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, wote Wamarekani. Jina lake ni Ororo Munroe. Babake ni mpiga picha wa habari kutoka Marekani, mamake ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Alizaliwa New York, akalelewa Cairo, wazazi wakafa nyumba yao ilipoangukiwa na ndege ya kivita, na yeye akabaki amefukiwa kwenye vifusi. Ndiyo maana mpaka leo anaogopa sehemu zilizobana. Baada ya hapo akawa chokoraa Cairo, mwizi wa mfukoni hatari. Halafu akaanza kutembea kwenda kusini, akavuka jangwa, akafika huku kwetu. Nguvu zake za kuita mvua na upepo zikajitokeza, na watu wakaanza kumwabudu.

Profesa Xavier alipokuja kumchukua, alimkuta Kenya. Akamwambia yeye si mungu, ni mutanti, na dunia inamhitaji. Dada akafunga virago. Tangu siku hiyo ni kama hajawahi kurudi nyumbani vizuri.

Sasa angalia vile hiyo Kenya yenyewe ilichorwa. Mamake anaitwa N'Daré. Hebu fikiria ukienda Huduma Centre Thika kutafuta kitambulisho na jina lenye alama ya juu katikati na kamstari juu ya e. Karani atakuuliza umetoka wapi. Kijiji chake hakina lugha unayoitambua. Serengeti na Kenya zinatajwa kama vile ni mtaa mmoja na hakuna mpaka katikati. Na jina Ororo, ambalo vitabu vinasema maana yake ni uzuri, ukilipeleka kwa Myoruba atakuambia ni mafuta ya kupikia. Hapa Kenya halina maana hiyo ya uzuri kwa lugha yoyote ninayoisikia stage.

Sisemi haya kuwacheka wazee wa 1975. Walikuwa wamekaa New York, wanahitaji timu ya mataifa mbalimbali: Mjerumani, Mrusi, Mkanada, Mwafrika. Wakachukua jina Kenya kwa sababu Mmarekani wa wakati huo alikuwa amelisikia. Kwao Kenya ilikuwa picha ya ukutani nyuma ya mhusika. Shida ni kwamba miaka 50 baadaye bado ni picha ya ukutani.

Sasa nywele

Wale wa mohoki, nyinyi mna hoja kuliko mnavyojua. Na wale wa nywele ndefu, subirini kidogo.

Cockrum alipomchora mara ya kwanza alikuwa anaunganisha michoro yake ya zamani. Alikuwa na mhusika mmoja wa kike mwenye mambo ya paka, lakini wakati huo komiki zilikuwa zimejaa wanawake paka. Kwa hivyo wakambadilisha, wakampa nguvu za hali ya hewa, na macho yenye umbo la paka yakabaki. Nywele nyeupe Wein alizitilia shaka, akihofu msomaji atamwona kama nyanya ya mtu. Cockrum akashikilia. Leo huwezi kumfikiria bila nywele nyeupe.

Halafu ikaja 1983. Chris Claremont ndiye alikuwa anaandika, Paul Smith anachora. Kwenye Uncanny X-Men namba 173, Storm akiwa Japani, anatokea amevaa ngozi nyeusi, kichwa kimenyolewa pande zote mbili, katikati amebaki na mstari wa nywele umesimama. Smith mwenyewe alikuja kusema ile nywele ilianza kama mzaha. Lakini angalia kilichokuwa kimetokea kwenye hadithi kabla. Muda mfupi tu nyuma, Storm alikuwa amepigana kwa kisu na Callisto, kiongozi wa mutanti wanaoishi chini ya ardhi, akamchoma na kuchukua uongozi. Mtu aliyekuwa ameapa kutoua, mpole kama maji ya mtungi, alikuwa amegundua kitu ndani yake ambacho hakukipenda. Nywele zilikuja baada ya hilo. Kichwa kilikuwa kinakuambia kilichotokea moyoni.

Na unajua nani alikasirika wa kwanza? Sio mafani. Ni Kitty Pryde, yule mdogo wao wa X-Men, ndani ya kitabu chenyewe. Alimwona Storm na zile nywele akavunjika moyo kabisa, akakimbia. Claremont aliandika hasira ya mafani kabla mafani hawajakasirika. Kitty alilia kwa sababu dada yake mkubwa alikuwa amebadilika bila kumuuliza, na mohoki ndiyo ilikuwa ushahidi.

Hapo ndipo kipimo changu kinatoka, na nakuomba ukitumie mara ijayo mkibishana. Ukiona shujaa amebadilishwa nguo au nywele, usiulize kama amependeza. Uliza amepitia nini. Kama kuna jibu kwenye hadithi, hayo mabadiliko yana haki ya kuwepo hata kama hayakufurahishi. Kama hakuna jibu, basi ni duka tu limebadilisha rangi ya mlango ili uingie tena.

Kwa kipimo hicho, mohoki ya 1983 inapita. Halle Berry kwenye sinema ya mwaka 2000 hapiti, kwa sababu wigi lile halikusema chochote, na ile lafudhi ya Kiafrika aliyoijaribu ikapotea sinema iliyofuata kama vile kuna mtu aliizima. Kuhusu nywele kulala, huyo msichana wa kwenye base ana haki yake yote. Zilichorwa hivyo na watu ambao hawakuwa wamewahi kukaa kwa saluni ya mtaani Ruiru Jumamosi, dada anasukwa kuanzia asubuhi mpaka giza liingie, wakabuni mwanamke mweusi mwenye nywele za mtu mwingine. Wachoraji wa siku hizi wamejaribu kurekebisha, mmoja anampa msuko, mwingine anazijaza zikawa kama wingu. Werneck anamchora kama mtu aliyetoka kwenye jalada la jarida la mitindo, na mimi binafsi naona inamfaa. Huyu si mtu wa kuvaa sare.

Mwelekeo mpya: amepanda cheo, amehama tena

Ndani ya hizi kurasa mpya kuna nini? Hadithi inaanza na mlipuko wa kituo cha nguvu za nyuklia huko Oklahoma City. Storm anaingia kuokoa watu, na anatoka na ugonjwa wa mnururisho ndani ya mwili. Makao yake yako Atlanta. Ni mwanachama wa Avengers sasa, sio X-Men peke yao. Na kadiri kurasa zinavyoenda, anapandishwa mpaka ngazi ya kina Eternity, yaani zile nguvu ambazo kwenye ulimwengu wa Marvel ndizo ulimwengu wenyewe.

Ayodele ana mkono mzito, na nasema hivyo kumsifu. Kabla ya hapo yeye na mchoraji mwenzake Dotun Akande, pia Mnigeria, walifanya I Am Iron Man mwaka 2023. Anaandika Storm kama mtu anayeogopwa na mbingu. Kwa miaka mingi huyu dada alikuwa kwenye timu kubwa halafu anapewa mistari miwili: anaita radi, anasema jambo la busara, anarudi nyuma. Mfululizo wake wa 2014, ulioandikwa na Greg Pak, uliisha kwa namba 11. Kwa hivyo kuona mtu anampa jina lake mbele, na uzito wake wote, ni kitu.

Lakini chukua karatasi uchore safari yake. New York, Cairo, Kenya kidogo, halafu New York tena kwa Xavier. Mwaka 2006 anaolewa na T'Challa, anakuwa malkia wa Wakanda, ndoa inavunjwa 2012. Mwaka 2021 X-Men wanahamia Mars, Storm anakuwa kiongozi wa sayari nzima. Sasa Atlanta. Kila akipanda cheo anasogea mbali na nyumbani. Amekuwa malkia wa nchi ya Kiafrika ambayo haipo, na hajawahi kuwa raia wa ile iliyopo.

Sitaki kumwonea Ayodele. Atlanta ina sababu zake. Ni mji mkubwa wa watu weusi wa Marekani, na wanaonunua komiki ni Wamarekani. Hapa inabidi uelewe vile biashara inaenda. Komiki ya mwezi inahesabiwa kwa oda ambazo maduka ya Marekani yanaweka kabla kitabu hakijatoka. Oda zikishuka, mfululizo unakatwa, hata kama hadithi ni tamu aje. Kitabu kimoja ni kama dola 4, zaidi ya shilingi 500 za Kenya, na hiyo ni kurasa ishirini na kitu unazomaliza kabla mathree haijatoka Ruiru kufika Githurai. Kwa hivyo wengi wetu tunasoma kwa simu, kurasa zilizopigwa picha na mtu usiyemjua, bando ikiruhusu. Kwenye hesabu za Marvel sisi hatuko. Tunaweza kumpenda Storm kuliko mtu yeyote duniani na bado tusionekane kwenye karatasi ya mauzo hata kama nusu mtu.

Sasa unaelewa kwa nini Kenya yake imebaki ya 1975. Hakuna anayelipwa kuirekebisha.

Hadithi ambayo iko hapa nyuma ya nyumba

Na inauma, kwa sababu hakuna mahali duniani ambapo mwanamke anayetawala mvua angekuwa na kazi kama hapa.

Kumbuka masika ya 2024. Mvua ya Machi mpaka Mei iliua zaidi ya watu 200 nchini. Mai Mahiu maji yalishuka usiku wa kuamkia Aprili 29 na kufagia nyumba watu wakiwa wamelala. Huku kwetu barabara ziligeuka mito. Na hiyo ilikuja baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa, kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, ngamia na ng'ombe wakifa kaskazini. Ukame halafu gharika. Huyo mungu wa mvua aliyetoka Kenya alikuwa wapi? Mars.

Ngoja nikupe nyingine. Maji mengi ambayo Nairobi inakunywa yanatoka kwa bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, kwenye Mto Thika. Lilimalizwa kujengwa miaka ya 1990 na linabeba lita bilioni 70. Juu yake ikaongezwa handaki ya karibu kilomita 12 inayokusanya maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka bwawani. Handaki hiyo ilileta kelele miaka mingi, wakazi na wanasiasa wa Murang'a wakiuliza mbona maji yapite kwao yakanywewe Nairobi na wao wabaki na mabomba makavu. Na katikati hapo tuko sisi. Ruiru kwenye sensa ya 2019 ilikuwa na watu 490,120, mji wa nne kwa ukubwa Kenya, na ghorofa zinaota kila wiki kama uyoga. Unajua vile maji hutoka siku mbili kwa wiki na mwenye nyumba anakuambia ujaze mitungi.

Weka Storm hapo. Ana uwezo wa kujaza Ndakaini kwa dakika moja. Lakini akivuta mawingu yaje Murang'a, anayatoa wapi? Labda Ukambani, ambako mkulima amepanda mahindi na anatazama juu. Akiwasikiliza watu wa Murang'a, Nairobi inakauka. Akiisikiliza Nairobi, Murang'a inamwita msaliti. Na serikali itataka kumpa kazi, na kila mwanasiasa atataka kupiga picha naye kabla ya uchaguzi. Hiyo ni hadithi ambayo haihitaji Eternity wala mtu wa sayari nyingine. Inahitaji mtu aliyewahi kubeba mtungi wa lita ishirini mpaka ghorofa ya tano.

Lakini lazima awe Mkenya?

Hapa najua utaniambia: basi Marvel watafute Mkenya aandike. Wengi wamesema hivyo, na wengine wameongeza kwamba Mnigeria amechukua kazi yetu. Hiyo ya pili siikubali hata kidogo.

Uliza wazee wako kuhusu Akokhan. Ilikuwa katuni ya mapigano ya wenye nguvu za uchawi, mashujaa wa Kiafrika wenye uwezo wa ajabu, na ilisomwa sana hapa Kenya. Aliyeichora ni Frank Odoi, na Frank Odoi alikuwa Mghana. Alikuja Nairobi akafanya kazi hapa mpaka akafa Aprili 2012 kwenye ajali ya matatu, kifo cha Kinairobi kabisa. Hakuna aliyemuuliza kitambulisho alipokuwa anatuchorea. Au chukua Pichadithi, vile vitabu vya picha vya miaka ya 1980 vilivyosimulia hadithi zetu za kale. Nyuma yake alikuwa Terry Hirst, Mwingereza aliyeishi hapa. Waliishi nasi, wakatusikiliza, wakatuchora tukajiona. Kwa hivyo damu siyo kipimo. Kipimo ni kama mtu amekaa chini akasikiliza.

Na Mnigeria anayeandika huyu dada leo yuko karibu nasi kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwandika kwa miaka mingi. Kama atawahi kumleta nyumbani, ni yeye au mtu kama yeye. Mimi ningemtumia ujumbe kuhusu Ndakaini kabla ya kumtumia matusi kuhusu nywele.

Kalamu ni ya nani

Sasa tufike pale nilitaka tufike tangu mwanzo.

Hata kama Ayodele angekuwa amezaliwa Gatundu, hata kama Werneck angekuwa kijana wa Section 9, Storm bado angekuwa mali ya Marvel, na Marvel ilinunuliwa na Disney mwaka 2009 kwa karibu dola bilioni 4. Wanaokuja kumchora wanakodishwa. Wakitoka, wanaacha kila kitu mezani.

Hii si mpya. Waliomtunga Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zake mwaka 1938 kwa dola 130 na wakazeeka wakihangaika. Dave Cockrum, yule wa nywele nyeupe, alimwona Storm akigeuka sinema, vinyago na fulana. Mwaka 2004, akiwa mgonjwa na wenzake wakimpigia debe, ndipo Marvel ikafikia makubaliano naye. Alifariki 2006. Mtu aliyeshikilia kwamba nywele ziwe nyeupe hakuwa na unywele mmoja ulio wake.

Usidhani hayo ni ya Marekani tu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inasema kwamba kazi ukiifanya ukiwa umeajiriwa, au mtu akikuagiza uifanye, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri au kwa huyo aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma tena hapo. Umechorea mtu shujaa kwa ajili ya tangazo, nembo au kitabu cha watoto, ukalipwa elfu tano kwa simu na hamkuandikiana kitu. Huyo shujaa hayuko na wewe tena. Akija kuwa maarufu utamwona ukutani kama mtu mwingine yeyote.

Na hapa kati ya Thika na Ruiru vijana wanaochora ni wengi kuliko unavyofikiria. Angalia tu nganya zinazopita: mgongoni sura za wanamuziki, ubavuni Black Panther, mlangoni Joker. Mtu fulani alichora hizo kwa mkono na rangi ya kupuliza, kwenye chuma, na zikakaa sawa barabarani kwa miaka. Halafu tunasema Kenya haina wachoraji wa komiki. Wako. Wanachora wahusika wa wengine, kwa magari ya wengine, na sheria inawahesabu kama mafundi wa rangi.

Tumewahi kuonyesha kwamba inawezekana. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwenye Taifa Leo kwa miongo kadhaa, mpaka mhusika na mchoraji wakawa jina moja midomoni mwa watu. Shujaaz walianza 2010 na DJ Boyie, kijana anayerusha redio ya siri kutoka chumbani kwake, kwa Sheng, kikigawiwa bure ndani ya gazeti na kwa vibanda vya M-Pesa, na 2012 kikashinda Emmy. Msomaji wa Kenya hajawahi kuwa tatizo. Mpe kitu kinachoongea kama yeye, atasoma.

Kwa hivyo ufanye nini na hasira yako

Endelea kubishana kuhusu nywele, ni tamu na haina gharama. Lakini ukiwa na kalamu, fanya vitu vitatu zaidi.

Moja, ukiagizwa kazi, andika karatasi hata kama ni ujumbe wa simu wa mistari minne: mimi ndiye mtunzi, wewe unatumia mchoro huu kwa kazi hii, haki za mhusika zinabaki kwangu. Mteja akikataa, angalau umejua unauza nini, na bei ipande.

Mbili, mhusika wako mwenyewe msajili. Hakimiliki huwa yako tangu unapomchora, lakini cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ndicho utakachoshika siku mtu atakapokuja kusema alimwota yeye.

Tatu, usimtunge Storm mwingine. Mtunge jirani. Mtu anayejua mwenye nyumba akifunga tangi, anayejua ni saa ngapi mto unaanza kunguruma, anayesukwa nywele na mtu mwenye jina. Kama ana nguvu za mvua, mwache aamue kati ya Murang'a na Nairobi na akosewe na wote.

Marvel watambadilisha Ororo tena, hiyo usiwe na shaka. Mwandishi mwingine atakuja, mchoraji mwingine, labda mohoki itarudi, labda atapelekwa sayari nyingine. Tutalalamika, tutapakua, tutasoma. Lakini yule wa kwako, uliyemchora kwa daftari la shule na ukaandika jina lako chini, hakuna mtu Burbank wala New York anayeweza kuamka asubuhi na kumnyoa bila kukuuliza.